MIAYO YANGU NA KESI YA UNGA

Msomaji mpenzi, kabla sijaanza nina ombi moja. Ukifika katikati ya makala haya ukajikuta umepanua kinywa, usione haya, wala usidhani ni kwa kuwa uandishi wangu unachosha. Miayo ndivyo ilivyo. Mtu akiiona, akiisikia, hata akiisoma tu kwenye karatasi, taya zake huanza kumwasha. Mhariri wetu alipoipitia nakala yangu ya kwanza alikiri kwamba alikwenda miayo mara nne kabla ya kufika ukurasa wa pili. Nilimwambia mara nne si kitu. Mimi nilikuwa namaliza arubaini kabla ya chai ya saa nne.

Sitanii. Rafiki yangu tuliyeketi naye dawati moja alinihesabia siku moja kwa kupiga mistari nyuma ya daftari lake la Hisabati, mitano mitano, kama karani anayehesabu magunia ya mahindi. Kufikia saa nne kasorobo mistari ilikuwa arubaini na mmoja. Daftari lile lilikusanywa kusahihishwa siku hiyo hiyo na mistari ile ikamponza, lakini hayo ni yake, atayaandika mwenyewe akitaka.

Ulikuwa muhula wa kwanza wa mwaka 2024, nami nilikuwa kidato cha pili. Asubuhi nilikuwa naamka kichwa kinanigonga, kinywa kimekauka kama kifuu cha nazi. Kengele ya alfajiri ikilia wenzangu wanaruka kutoka vitandani wakikimbilia maji. Mimi nafungua jicho moja, nalifumba, nafungua la pili. Prepu ya alfajiri naapa sikumbuki nilisoma nini muhula mzima. Somo la kwanza likianza tu, nayo miayo hiyo! Si ile ya adabu ya kuziba kwa kiganja na kusema samahani. Hii ilikuwa inapanda kutoka chini ya tumbo, inanipanua taya hadi masikio yanalia ta!, na mwisho machozi yananitiririka mashavuni kama mtu aliyefiwa. Darasani wakanibatiza jina Kiboko. Walikuwa wamewaona viboko wa Haller Park kule Mombasa katika ziara ya kidato cha kwanza, wakaona tunafanana. (Baadaye nilikuja kusoma kwamba kiboko anapopanua kinywa vile mara nyingi hana usingizi hata kidogo. Anamwonya mwenzake asisogee. Mimi sikuwa namwonya mtu, ila nawaambia tu.)

Usiku bwenini nilikuwa na jina la pili, Tingatinga. Nilikuwa nakoroma hadi mono mmoja aliyelala kitanda cha juu yangu akaomba kuhamishwa. Wenzangu walinirushia ndala, viatu, na siku moja kikombe cha plastiki kikiwa na maji. Asubuhi naviokota viatu vile chini ya kitanda na kuwarudishia wenyewe kwa malipo ya kipande cha mandazi. Tulicheka sana. Hakuna aliyeona, mimi wa kwanza, kwamba Kiboko wa mchana na Tingatinga wa usiku walikuwa kesi moja.

Sasa mwalimu mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi kwa kuwa bado ananifundisha na bado nazihitaji alama zake, aliichukulia miayo yangu kama dharau. "Wewe! Somo langu linakuchosha?" aliniuliza siku ya kwanza. Nikasimama nijibu, "La, Mwalimu," na jibu lenyewe likatoka limepanda mgongoni mwa mwayo. Darasa likaangua kicheko. Siku hiyo nilipiga magoti mbele ya darasa hadi kengele ikalia. Wiki iliyofuata nilifyeka nyasi nyuma ya jiko. Nyasi zikaisha, miayo haikuisha. Simlaumu sana. Mwalimu amesimama saa nzima akieleza, na mbele yake kuna kinywa kimefunguliwa kama pango. Ningekuwa mimi pia ningekasirika. Lakini hakuniuliza hata siku moja, "Kijana, unalalaje?" Nami sikujua kwamba hilo ndilo swali.

Muhula ulipokwisha nilipewa barua ya kumpelekea Baba, imefungwa. Ndani, kwa ufupi, ilisema kwamba mwanao anasinzia darasani, macho yake ni mekundu, pua inamtoka majimaji na anapiga miayo isiyo ya kawaida. Mzazi aliombwa amchunguze likizoni.

Sijui kwenu barua kama hiyo ingesomwaje. Pengine baba yako angesema ni uvivu, akupeleke shambani ukalime hadi usingizi ukutoke. Sisi ni watu wa Malindi. Pwani yetu imeumizwa na unga, yaani heroini, kwa miaka mingi, na kila mtaa una nyumba iliyoguswa. Mtu aliyezoea unga akiukosa hushikwa na kile wanachokiita arosto. Na arosto haianzi kwa kelele. Huanza na miayo, mwayo juu ya mwayo, kisha machozi, kisha pua inatiririka, ndipo maumivu ya tumbo na mifupa yanapofuata. Baba hakuyasoma hayo kitabuni. Aliyaona sebuleni mwetu mwaka 2016 kwa ndugu yake wa tumbo moja, ami yangu, niliyekuwa nikimpenda kwa kuwa alinifundisha kuogelea. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka jinsi Ami alivyokuwa akianza kupiga miayo saa za jioni, na jinsi Baba alivyokuwa akiinuka kimya kimya kwenda kuificha redio.

Ami alipona, au niseme anaendelea kupona, kwa maana yeye mwenyewe hapendi neno "amepona". Kule Malindi dawa ya methadoni ilianza kutolewa katika hospitali ya serikali mwaka 2015. Ami alijiunga mwaka 2017. Kila asubuhi anakwenda kliniki, anainywa mbele ya muuguzi, kisha anakwenda kazini. Anaishi nasi hadi leo. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na barua yangu kwa Baba haikuwa ung'ongo. Ilikuwa nyoka mwenyewe, na majina yake yote yameandikwa.

Nilipofika nyumbani Baba hakuniitikia salamu. Alinikalisha kwenye kiti, akaniambia nikunje mikono ya shati. Akaitazama mikono yangu upande huu na huu, akaumwaga mkoba wangu sakafuni, vitabu, soksi, sabuni, hata pakiti ya chumvi akainusa. Mama alisimama mlangoni na kanga mdomoni. "Nani anakupa?" Baba aliuliza. Nikasema hakuna. "Wanauzia wapi?" Nikaapa. Na hapo, katikati ya kiapo, mwayo ukanipanda. Niliubana kwa meno, nikaukaza kwa shingo, wapi! Ulinipanua mbele ya baba yangu mzazi, mrefu kuliko yote niliyowahi kuipiga, na machozi yakafuata. Baba akanitazama kama anayemtazama maiti. Kisha naye, maskini, kwa kuwa miayo huambukiza hata wenye hasira, akapiga mwayo. Siku nyingine tungecheka hadi tuketi chini. Siku ile Mama alilia.

Hukumu ilikuwa kwamba sirudi shuleni. Nitakaa nyumbani chini ya macho yake, na usiku nitalala chumba kimoja na Ami, kwa kuwa Ami anajua njia zote ambazo kijana anaweza kutorokea. Nililia mto ukalowa. Lakini hukumu hiyo ndiyo iliyoniokoa.

Aprili ile ya 2024 mvua ya masika ilizidi, mito ikafurika sehemu nyingi za Kenya, na ufunguzi wa shule ukaahirishwa hadi tarehe 13 Mei. Nilikuwa na majuma kadhaa ya kulala na mlinzi kitanda cha pili. Ami ana usingizi mwepesi. Akisikia paka akitembea juu ya bati anaamka. Usiku wa nne au wa tano, wakati wa chai ya asubuhi, alimwambia Baba mbele yangu:

"Kaka, nisikize. Mtoto huyu hana arosto."

Baba akasema, "Umejuaje?"

"Mimi sijui? Katika nyumba hii nani aijua arosto kunishinda? Mwenye arosto hapati usingizi. Usiku kucha ajigaragaza, tumbo lamkata, vinyweleo vimemsimama kama kuku alonyonyolewa. Mtoto huyu alala na kijiko mkononi. Jana amelala akivua viatu. Tena kuna jambo jingine. Usiku pumzi zamkatika."

"Zamkatika vipi?"

"Akoroma, akoroma, mara kimya. Nami nasubiri. Nimehesabu mpaka ishirini. Halafu ashtuka kama mtu aliyeibuka kutoka majini, avuta pumzi, aanza tena. Si mara moja. Usiku wote ni hivyo."

Mama alichukua simu usiku ule akanirekodi. Mimi mwenyewe nimeisikiliza sauti ile mara moja tu na sitaki kuirudia. Ni kelele za kukoroma zinazopanda, zinapanda, kisha zinakatika ghafla kama redio iliyozimwa. Unabaki unasikia saa ya ukutani, na mbwa wa jirani mbali. Unaanza na wewe kujibania pumzi. Kisha ghrrrh! mtu anatapatapa, na mtu huyo ni wewe. Baba aliisikiliza mara tatu. Baada ya mara ya tatu alitoka nje akasimama uani kwenye manyunyu bila mwavuli. Kesho yake tulikwenda hospitali.

Daktari aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye maswali mengi kuliko mtihani. Nalala saa ngapi? Naamka saa ngapi? Nikiketi kwenye matatu nasinzia? Nikizungumza na mtu je? Nakunywa dawa gani? Kuna mtu katika ukoo anayekoroma? Nikicheka sana, magoti yangu hulegea? Swali hilo la mwisho nilidhani anafanya mzaha. Kisha akaniambia nifungue kinywa, kazi ambayo mimi nilikuwa bingwa wake, akamulika kwa tochi. Akamwita Baba aje aone. Mafindofindo yangu yalikuwa yamevimba hadi karibu yanagusana katikati ya koo, kama ndugu wawili wanaotaka kukumbatiana. Nafasi iliyobaki ya pumzi kupita ilikuwa upenyo tu.

Alitueleza hivi. Mchana, mtu akiwa macho, misuli ya koo huwa imekaza na njia ya hewa inakaa wazi. Usiku misuli hulegea. Kwa mtu wa kawaida hakuna neno. Kwa mtu mwenye mafindofindo makubwa kama yangu, au mwenye pua iliyoziba, au mwenye mafuta mengi shingoni, njia huziba. Pumzi inakatika, hewa ya oksijeni inapungua mwilini, na ubongo unapiga kengele ya hatari. Mwenye kulala anashtuka kidogo, kiasi cha kukaza koo na kuvuta pumzi, kisha anazama tena usingizini. Asubuhi hakumbuki kitu. Lakini ubongo umeamshwa mara nyingi, pengine makumi ya mara, na ule usingizi mzito unaojenga mwili na kumbukumbu haukupatikana. Ndiyo maana kichwa kiliniuma alfajiri, kinywa kikakauka, na mchana kutwa nikawa napiga miayo. "Huyu," akamwambia Baba, "alikuwa kitandani saa sita lakini hakulala saa sita."

Baba aliomba nipimwe mkojo pia, kutafuta unga. Sikukataa. Damu nayo ilipimwa, maana upungufu wa damu huleta uchovu. Damu ilikuwa sawa, na mkojo ulikuwa safi. Baba alikikunja kile kikaratasi cha majibu mara nne akakitia mfuko wa shati, upande wa moyo.

Nilipoona kesi yangu imekwisha nilipata ujasiri wa kuuliza. Nikasema, "Daktari, kwani mtu akipiga miayo mingapi ndipo aje hospitali?" Alicheka. Akasema watu wengi wanauliza hesabu, na hesabu peke yake haisemi kitu. Mwayo wenyewe si ugonjwa, ni kama kubisha hodi. La kuuliza ni nani yuko mlangoni.

Kwanza, alisema, mtu ajiulize juu ya kitanda chake mwenyewe. Kama analala saa tano, jibu ni hilo hilo, asitafute mchawi. Alale vya kutosha wiki mbili hivi. Miayo ikiendelea ile ile, na uchovu wa mchana uko pale pale, aende akaonwe. Lakini anayekoroma na kukatikiwa na pumzi asingoje wiki hizo mbili. Vilevile yule anayelala ghafla akila au akiongea, au ambaye akicheka magoti yanamlegea hata aanguke. Hapo nikaelewa lile swali la magoti. Kuna maradhi yanayoitwa nakolepsia ambayo mara nyingi huanza katika umri wetu huu wa ujana, na wenye nayo huitwa wavivu kwa miaka kabla ya mtu kugundua. Kisha kuna dawa. Baadhi ya dawa za aleji huleta usingizi, na baadhi ya dawa wanazopewa watu wenye ugonjwa wa sonona huleta miayo hata kama mtu hana usingizi. Dawa hizo mtu hazikatizi mwenyewe, anarudi kwa aliyemwandikia wazungumze.

Sauti yake ilibadilika aliposema la mwisho. Miayo ikija ghafla pamoja na mdomo kwenda upande, mkono kukosa nguvu au ulimi kuwa mzito, hicho chaweza kuwa kiharusi. Ikija pamoja na maumivu ya kifua, jasho baridi na pumzi fupi, huenda ni moyo. Hapo hakuna cha kungoja kesho wala cha kuchemsha chai ya tangawizi. Ni kutafuta gari saa hiyo hiyo.

Nilirudi shuleni tarehe 13 Mei na barua mbili, moja ya daktari, nyingine ya miadi ya upasuaji mwezi wa Agosti. Mwalimu wangu yule aliisoma ya daktari amesimama, kisha akaketi akaisoma tena. Akasema, "Kumbe." Hilo tu. Lakini tangu siku hiyo akiniona taya zinaanza kutetema alinituma nje nikanawe uso, na aliponisikia nikizungumza na wenzangu juu ya haya ndiye aliyesema, "Iandikie klabu." Basi Mwalimu, ndiyo hii.

Nilianza pia kusoma juu ya miayo kila nilipopata kitabu au mtandao, na nikaona kwamba mambo niliyofundishwa utotoni yalikuwa na walakini. Tuliambiwa mtu hupiga miayo kwa kuwa oksijeni imepungua darasani, tufungue madirisha. Mwaka 1987 Mmarekani Robert Provine na wenzake waliwapumulisha wanafunzi hewa ya oksijeni tupu, na wengine hewa iliyoongezwa kabonidayoksaidi. Miayo haikupungua wala kuongezeka. Baadaye, mwaka 2007, Andrew Gallup na mwenzake walileta wazo kwamba mwayo husaidia kuupoza ubongo, na wanasayansi wanaendelea kubishana. Mtoto hupiga miayo hata akiwa tumboni mwa mamaye. Na si kila mwayo ni usingizi. Apolo Ohno, Mmarekani aliyeshinda medali 8 za Olimpiki kwa kuteleza juu ya barafu, alijulikana kwa kupiga miayo kabla ya kushindana. Nyanya yangu yeye alitufundisha tuzibe kinywa kwa mkono shetani asipate pa kuingia. Kwa hili bado namtii. Hata kama shetani hayupo, inzi wapo.

Jambo moja nililojifunza lilinifaa mwezi wa Juni. Tulikuwa gwarideni, jua linachoma, hotuba ndefu. Rafiki yangu wa dawati, yule karani wa magunia, akapiga mwayo. Akapiga wa pili, wa tatu. Watu wakaanza kunong'ona kwamba Kiboko amemwambukiza. Nikamtazama. Uso ulikuwa umemparara kama majivu na jasho limemtoka juu ya mdomo. Mtu anayekaribia kuzirai mara nyingi hupiga miayo kwanza, huku akisikia kichefuchefu na macho yakifanya kiza. Nilimvuta chini kwa nguvu, akalala pale pale kwenye nyasi, nikamwinua miguu. Kiranja alinifokea. Lakini hakuanguka, na jino lake la mbele analo hadi leo. Hakuwa amekunywa chai asubuhi, kumbe.

Kuna jambo moja nalisema nikijua ni nani watakaolisoma. Wataalamu wa usingizi wa Marekani walipendekeza mwaka 2016 kwamba wenye miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10. Hata kanuni zetu za elimu ya msingi za mwaka 2015 zinasema wakati wa kulala katika shule za bweni ni saa 3.30 usiku hadi saa 12.00 asubuhi. Piga hesabu, ni saa nane na nusu. Nasi taa zinazimwa saa nne na kengele inalia saa kumi na robo. Mafindofindo yangu yalikuwa na kosa lake, sikatai, lakini yalikuta nyumba imeshabomolewa nusu. Na wale thelathini darasani mwangu wasio na mafindofindo, wanaopiga miayo kumi kumi kila asubuhi, hao dawa yao haiko hospitali. Nimewahi kuambiwa kwamba shule zinazofaulu ndizo zinazoamka mapema. Huenda. Mimi prepu ile ya alfajiri, nimeshasema, sikumbuki hata neno.

Agosti 2024 nilipasuliwa Mombasa. Ukoo ulichanga, na Ami alitoa zaidi ya uwezo wake, Baba akataka kumrudishia sehemu, Ami akakataa kata kata. Sitawadanganya, koo liliuma. Siku kumi za kwanza nilikuwa nameza mate kama anayemeza vipande vya chupa. Chakula kilikuwa uji uliopoa, barafu, na madafu. Tulionywa kwamba damu ikitoka kinywani, hata usiku wa manane, turudi mbio. Haikutoka. Mwanzoni niliendelea kukoroma kwa sababu ya uvimbe, Mama akaanza kukata tamaa, nami pia.

Ilikuwa wiki ya tatu. Niliamka alfajiri mwenyewe, hakuna kengele wala aliyeniita. Nilibaki nimelala nikishangaa kitu ambacho sikukijua ni nini, hadi nikatambua kwamba kichwa hakiniumi. Nilipotoka sebuleni Mama aliniambia ameingia chumbani mara tatu usiku kunigusa kifua, kwa kuwa kimya kile hakukizoea, alidhani nimekufa. Ami alikuwa ameketi, macho mekundu, kofia yake mkononi, tayari kwa safari yake ya kliniki.

"Nimekusikiza usiku kucha," akaniambia. "Hukukatika hata mara moja. Mimi ndiye sikulala."

Akaenda mlangoni. Pale kizingitini akasimama, akajinyoosha mikono hadi ikagusa boriti, akapiga mwayo mrefu wa sauti, machozi yakamlenga.

Baba alikuwa anakunywa chai. Aliposikia mwayo ule alikiweka kikombe chini. Mama akanitazama, nami nikamtazama Mama. Miaka minane nzima, mwayo wa Ami katika nyumba ile ulikuwa na maana moja tu, na kila aliyeusikia alianza kutupa macho mahali ilipo redio.

"Hukulala vizuri, ndugu yangu?" Baba akasema. "Rudi uketi. Unywe chai kwanza."